Siku Mageni Aliposimamisha Baiskeli

Mageni hakuwa mtu wa kutulia. Hata katika kibanda chake cha kushonea nguo pale Kambarage, aliinuka kila baada ya mshono, akachungulia barabarani, akarudi, akainuka tena. Mumewe, Mabula, alikwisha kumzoea.

Ujanani alishindana mbio za baiskeli. Aliacha baada ya kushindana akiwa na homa kali: alianguka njiani, akazinduka hospitalini kesho yake. Miaka ikapita. Nguo za dukani zilipoanza kumpunguzia wateja, na ada ya chuo ya binti yake Nelly ikisubiri, Masudi, dalali wa almasi wa Maganzo, alimpigia simu. Alikuwa ameunda timu ya wasichana na alitaka kocha wa Jumamosi na Jumapili. Mageni alikubali kabla Masudi hajamaliza kueleza.

Tangu hapo, mwisho wa wiki aliwafuata wasichana kwa bodaboda, akiwapigia kelele mpaka sauti inakauka. Aliyewazidi wote ni Vumilia, mtoto wa wakulima wa pamba, aliyezoea kubeba madumu ya maji kwa baiskeli tangu utotoni.

Mwezi wa sita wakashindana kilomita sitini. Zilipobaki ishirini, Vumilia alikuwa mbele na wenzake wawili, wakipanda mlima. Mageni akamwona midomo imekauka, kichwa kinalegea.

"Una homa wewe?"

Vumilia alizidi kukanyaga pedali.

Mageni hakuweza kuvumilia. Alimwamuru dereva apite mbele, akaruka chini na kuushika usukani wa baiskeli.

"Shuka!"

"Kocha, niache!"

"Shuka, nakwambia!"

Wale wawili wakapita, kisha wa nne, kisha kundi zima.

Kwenye zahanati wakampima. Hakuwa na malaria wala homa. "Ni kiu na uchovu tu," alisema muuguzi. Vumilia alikaa kwenye benchi akilia, amempa kocha wake mgongo.

Jioni Masudi akapiga simu. "Mama Nelly, mimi nilikuchukua uwakimbize, siyo uwashike."

"Nilidhani anaumwa."

"Ulidhani!" Akakata. Wiki haikuisha, akapata kocha mwingine.

Siku hizo Mageni alishona mkono wa shati ndani nje, akaufumua, akaurudia vilevile. Jumamosi alfajiri Mabula alimkuta amevaa raba.

"Unakwenda wapi?"

"Sijui."

Alikwenda kwa kina Vumilia. Akamkuta shambani anachuma pamba.

"Shikamoo," Vumilia alisema bila kuinua macho.

"Marahaba." Kusimama tu hakuweza, akaanza kuchuma naye. Huku akichuma akamsimulia ile homa yake ya zamani, namna alivyoanguka, na namna alivyojiona yeye mwenyewe juu ya baiskeli ya Vumilia siku ile.

Vumilia alisikiliza mpaka mwisho. "Pole, kocha. Lakini hayo yalikuwa yako. Mbio zilikuwa zangu."

"Ni kweli. Nisamehe."

"Ungeniuliza kwanza."

"Nilikuuliza."

"Nikiwa napanda mlima! Nani angejibu pale?"

Mageni akacheka. Vumilia hakucheka, ila alimsogezea gunia waweke pamba pamoja.

Masudi hakumrudisha. Lakini mwezi wa nane Vumilia alimpigia akilalamikia magoti, na Mageni akaenda kumrekebishia kiti cha baiskeli. Habari zikaenea. Walimu wawili wa kike wa shule ya jirani wakaomba awafundishe baiskeli Jumapili, kwa malipo madogo, akakubali.

Mashindano yaliyofuata yalifanyika Mhunze. Mageni alisimama pembeni mwa barabara kama mtazamaji yeyote. Vumilia alipotokea, amekunja uso, anayumba kwa uchovu, Mageni alirudi nyuma hatua mbili, akashikilia nguzo ya umeme kwa mikono yote miwili mpaka alipopita.

Vumilia alimaliza wa pili.