Barua Isiyo na Haraka

Wiki ile mama alipofariki, nilikuwa nakusanya sifa za ofisi yetu. Kila mwaka kampuni za mawakili wa biashara huku Ghuba hujaza fomu ili zipangwe kwenye orodha ya walio bora, na mimi, karani wa wakili mkuu wa ofisi, ndiye niliyewapigia wateja kuwauliza wanatuonaje. Yaani tunajisifu, ila kwa midomo ya watu. Kutoka Kuwait hadi Muscat walisema jambo lile lile: hawa wanasoma kila neno, na wanafanya kile kilichoandikwa. Nikayaandika yote.

Kaka yangu alinipigia Jumatatu kutoka Kitale. Mama ameaga, mazishi ni Jumamosi. Sikulia. Nilimaliza ukurasa niliokuwa nao, nikaenda kunawa mikono, nikarudi mezani kuomba ruhusa.

Hapo ndipo nilipokosea. Miaka sita katika jengo la ofisi yetu, mtaa wa West Bay, ilikuwa imenizoesha adabu ya barua za ofisi, na vidole vikaenda vyenyewe: naomba siku kumi kwa sababu za kifamilia, tafadhali shughulikia ombi hili ukipata nafasi, hakuna haraka. Ndivyo tulivyowaandikia wateja. Kifo sikukitaja. Nikaituma kwa wakili mkuu, nikaendelea na fomu.

Mlango wake ulikuwa hatua nne kutoka kwangu. Jumanne alipita, akanisalimu, akauliza kama maoni ya mteja wa Muscat yamefika. Nikamwambia yamefika.

Jumatano kaka aliniandikia: "Sista, wazee wanauliza, tukungoje ama tuzike tu?" Niliisoma, nikaiweka simu kwenye droo.

Alhamisi fomu ilitumwa, watu wakala keki. Jioni, nyumbani mtaa wa Abu Hamour, nesi ninayeishi naye chumba kimoja alinishangaa.

"Na si ungebisha tu mlango umwambie matha ameaga? Ama unaogopa huyo mzee?"

Simwogopi. Ni mtu mwema, angeniruhusu siku hiyo hiyo. Nilikuwa nimekufa ganzi tu, na sina maelezo mengine.

Jumamosi nilitazama mazishi kwenye simu, nimekaa kitandani. Picha ilikwama mara mbili. Iliporudi mara ya pili, walikuwa wameshaanza kutia udongo.

Jumapili, wiki ya kazi ilipoanza, nilikuta jibu la wakili mkuu. Siku kumi nimepewa. Alikuwa amesoma kila neno: aliandika kwamba kwa kuwa hakukuwa na haraka, alisubiri fomu itoke kwanza, na anatumaini mambo ya kifamilia ni ya heri. Nilimkasirikia kidogo, kisha hasira ikanigeukia mwenyewe.

Nilimjibu palepale: asante, sizihitaji tena. Kujibu bila kuchelewa ni sifa yetu nyingine, nayo niliiandika kwenye ile fomu. Swali la kaka yangu sijalijibu hadi leo.