Aliyeupigia Hodi Uchochoro wa Taka

Ni asubuhi, na Mama Matairi anagombana na tairi.

"Toka, mkaidi wewe! Mimi ndiye niliyekuzika, leo unanivimbia?"

Tairi halitoki. Lilifukiwa nusu, likajazwa mchanga na kupakwa rangi ya njano, likawa kiti. Limekaliwa na mtaa mzima mpaka limejiona lina mizizi.

Pembeni, kwenye benchi la mbao za makreti, ameketi mumewe. Zamani alikuwa fundi uashi. Kiharusi kilimkuta kazini, kikaondoka na mkono na mguu wa kulia.

"Upande wa kufanya kazi ulikufa, wa kuamrisha ukabaki," anasema mkewe.

"Chimba chini zaidi," mzee anaamrisha.

Ikifika kesho mchana, uchochoro huu unatakiwa uwe mtupu. Mwenye ghorofa ya jirani ameshaleta geti la chuma, limeegemezwa ukutani likimsubiri fundi wa kuchomelea. Anataka pawe maegesho ya gari lake.

Chumba cha wanandoa hawa kiko mwisho wa uchochoro. Hakina dirisha. Kina tundu ambalo hata paka hulipita kwa kubana pumzi. Baada ya kuugua, mzee alilala humo akiutazama ukuta ambao, kwa macho ya ufundi wake, ulikuwa umepigwa lipu vibaya.

"Akaniambia, mke wangu, nitakufa naangalia kazi mbovu ya mtu," anakumbuka Mama Matairi, ambaye riziki yake ni kufulia watu nguo. "Nikaona nimtoe nje. Sasa nje yenyewe ndiyo hii, na wakati huo panya wa hapa walikuwa wakubwa, unasita kidogo kama uwaamkie."

Alizoa taka gunia kwa gunia. Gereji wakampa matairi yaliyokwisha. Chupa za plastiki alizijaza mchanga, akazipanga kuwa ukingo wa maua. Bati kuukuu likawa kivuli. Mzee akatolewa na kuketishwa, akaanza kusalimiwa na wapita njia, akaanza na kubishana nao, na hapo mkewe akajua amepona kiasi.

Wengine wakafuata. Fundi viatu akahamishia sanduku lake hapo, kina mama wakaja na watoto wachanga, wanafunzi na madaftari yao.

Kosa la Mama Matairi, kama ni kosa, lilikuwa adabu. Kabla ya kugusa taka hata moja, alipanda ngazi hadi kwa mwenye ghorofa, kwa sababu ukuta mmoja wa uchochoro ni wa jengo lake.

"Hodi, baba. Naomba nisafishe pale chini."

Jibu lilitokea nyuma ya nondo za mlango: "Safisha, mama. Ukitaka hamia kabisa!"

Wiki iliyopita kesi ilisikilizwa ofisi ya mtaa. Hakuna aliyekuwa na hati ya uchochoro. Mwenye ghorofa akasimama, mpole kama daktari.

"Mwenyekiti, naomba huyu mama aulizwe. Kabla hajasafisha, alibisha hodi kwa nani?"

"Kwako, baba," akajibu Mama Matairi.

"Na mtu hubisha hodi kwenye jalala?"

Watu wakacheka, na mwenyekiti naye. Fundi viatu akapaza sauti: "Mbona kulipokuwa kunanuka hapakuwa pako?"

"Kwani mali hainuki?"

Ikawa imekwisha; uchochoro ukahesabiwa wa mwenye ghorofa. Fundi viatu hajamsamehe mama huyu mpaka leo.

"Shemeji, si ungekana tu? Ungesema ulikosea mlango!"

"Nikane hodi yangu? Niliipiga, na alinisikia."

Leo waliozoea kukaa hapa wanapita mbio wakisalimia kwa mbali. Mmoja amesimama, akauliza kama benchi linafaa kwa kuni. Anayesaidia kung'oa ni fundi viatu peke yake, tena kwa manung'uniko.

Mama Matairi ameshapata pengine: upenyo ulio nyuma ya bucha, panapotupwa mifupa. Ataanza Jumatatu, akishaanika nguo za watu.

Mzee ameisikia habari hiyo. Sasa anauliza.

"Na mimi nitakaa wapi ukiwa unasafisha?"

Koleo linasimama.

"Chumbani, mume wangu. Kwa muda tu."

"Muda gani?"

Fundi viatu anajifanya anatafuta nyundo ambayo ameishika.

"Nipeleke huko huko," mzee anasema.

"Kuna inzi, baba. Na harufu yake huiwezi."

"Inzi angalau wanatembea."

Mama Matairi anajifuta uso kwa ncha ya kanga, anamtazama, kisha anainama tena kwenye tairi.

"Haya. Basi Jumatatu nitaanza na mahali pa kiti kimoja."