Ndevu za Bibi Harusi

Chumba cha daktari katika zahanati moja hapa Lindi kimezibwa kwa pazia tu. Juzi nilikaa nje yake nikisubiri kupimwa presha, nikasikia yote, wala sikujitahidi kutosikia.

Aliingia binti kutoka Mchinga, kajifunika ushungi hadi puani, pamoja na shangazi yake.

"Shikamoo, mama," daktari alisema.

"Marahaba. Mtoto ameota ndevu, na harusi ni mwezi ujao. Tumemsomea, tumemnywesha kombe la aya, jini hatoki."

"Huyo jini anajipaka nini usoni?"

Kisha nikasikia mkoba unafunguliwa na kikopo kinawekwa mezani.

"Mkorogo," binti alinong'ona. "Napaka tangu nilipoposwa, ili ning'are."

Daktari akamuuliza kuhusu hedhi. Haikuwahi kuruka.

"Ingekuwa inaruka, tungepima homoni. Ndevu zako zimeletwa na dawa kali iliyomo humu. Usiikate ghafla, nitakuelekeza namna ya kuipunguza. Vinyweleo vitapungua vyenyewe kwa miezi. Siku ya harusi nyoa tu, havirudi vinene."

"Hata wembe?"

"Hata wembe. Kikopo nani kakupa?"

Shangazi akaanza kuaga. Majini wa pwani hii wana subira jamani: kila tunachojipaka wenyewe tunawasingizia wao, na hawajawahi kujitetea.

Binti alitoka anacheka, ushungi mabegani, kidevu chenye vinyweleo laini kama vya kifaranga. Shangazi alimfuata nyuma, paji la uso linang'aa, na sasa yeye ndiye aliyejifunika ushungi hadi puani.