Miaka Kumi na Miwili ya Baba Mdogo

Nilikwenda Gesima kwa sababu ya lebo. Mimi huchapisha lebo mjini Kisii, za asali na siagi ya karanga, na baba mdogo Osoro alikuwa amenitumia maneno ya lebo yake: "Wiski Halisi ya Gesima, Miaka Kumi na Miwili." Nilicheka hadi mteja akaniuliza kama niko sawa. Kisha nikaacha kucheka. Mkaguzi alikuwa anakuja Alhamisi, na lebo ya uongo ingemnyima baba mdogo leseni aliyoihangaikia tangu aache kupika pombe kwa siri vichakani.

Alhamisi asubuhi nilishuka Keroka, nikachukua pikipiki. Mashambani wachuma chai walikuwa wamejifunga plastiki viunoni, na mvua haikuwa na adabu hata kidogo.

Gesima, baba mdogo alinipokea kwa tabasamu la mtu aliyeshinda kesi. Akanionyesha banda jipya, mtambo unaong'aa na pipa la mbao lililokuwa bado linanukia maranda.

"Hii imekaa kwa pipa tangu lini?" nikamuuliza.

"Jumatatu."

"Na hiyo miaka kumi na miwili?"

"Ni yangu, mwanangu. Nimepika hii kitu miaka kumi na mbili na polisi hawajawahi kunishika. Hiyo si uzoefu?"

Nikamweleza kwamba sheria huhesabu umri wa kinywaji pipani, si wa mpishi. Tena kisichotimiza miaka inayotakiwa hakiitwi wiski. Nikafuta miaka, nikafuta wiski, nikaandika "Pombe kali ya mahindi na wimbi." Alininunia kama mtoto aliyenyimwa chapati. Asilimia ya kilevi aliikubali, na onyo la afya akalikubali kwa kuguna.

"Sasa jina la mtengenezaji," nikasema.

"Jina langu? Kwa chupa? Watu wa kanisa wataona!"

Nilimhurumia. Kila Sabato hukaa kiti cha mbele, na kote anajulikana kama mkulima wa chai. Bila jina hakuna leseni, na jina lingemvua nguo.

Mkewe, mama mdogo, aliingia na chai, akaisoma rasimu yote polepole.

"Andika jina," akaniambia. "Mzee wa kanisa atafurahi. Kila Sabato ananiuliza hiyo kitu ya mume wangu iko na asilimia ngapi."

Mkaguzi aliipitisha lebo, nami jioni nikarudi mjini. Jina tumelichapa kwa herufi ndogo kabisa ambazo sheria inaruhusu. Nilichojifunza ni kwamba baba mdogo aliwakwepa polisi miaka yote hiyo, lakini mkewe hakumfichia siri kanisani hata Sabato moja.