Wateja wa Tamasha

Kavata Mulinge alikuwa na miaka thelathini na mitatu alipopewa kusimamia duka la Msambweni. Halikuwa lake. Lilikuwa la tatu la Bwana Luqman, mfanyabiashara wa Ukunda aliyeuza kanda za nyimbo, akakodisha filamu, na kuuza fulana zenye sura za waigizaji. Maduka yote matatu, la Ukunda, la Kwale mjini na hilo la Msambweni, aliyaita Tamasha, na yote aliyapamba yafanane na jumba la sinema. Mlangoni paliangikwa pazia jekundu zito. Ukilipita unakuta giza, taa ndogo za rangi, mabango ya filamu mpaka darini, na nyuma ya kidirisha kama cha kukatia tiketi, muuzaji mwenye shati jeupe na tai ya kipepeo. Kavata aliivaa tai hiyo kila siku, hata katika joto la Machi.

Mtindo huo ulipendwa mwanzoni. Watalii waliingia duka la Ukunda kwa makundi, na wafanyakazi wa hoteli za Diani walipiga picha mbele ya pazia. Kisha zikaja ghasia za Agosti 1997, watu waliotoka bara wakashambuliwa na kufukuzwa pwani. Kavata, ambaye wazazi wake walihamia Shimba Hills kutoka Ukambani yeye akiwa mchanga, aliwachukua watoto wake wawili akakimbilia kwa dada yake Makindu. Mvua kubwa zikafuata, barabara zikakatika. Aliporudi mwezi wa Februari alikuta hoteli nyingi zimefungwa, wafanyakazi wamerudishwa makwao, na duka limejaa vumbi. Zilikuwako siku ambazo pazia halikusogezwa tangu asubuhi hadi jioni.

Mwezi wa Mei Bwana Luqman akapeleka daftari moja kwa kila duka, pamoja na agizo. Kila mteja aulizwe angependa Tamasha ibadilike vipi, jibu lake liandikwe, na baada ya miezi miwili yeye mwenyewe atapita kuyasoma.

Tatizo la Kavata ni kwamba wateja wa kuulizwa hawakuwapo. Wiki ya kwanza aliandika majibu matatu. Wiki ya pili akafunga mlango saa nne asubuhi, akachukua daftari, akatoka kwenda kuwauliza wale waliokuwa wakipita bila kuingia. Hakuwa na raha na kazi hiyo. Tangu arudi kutoka Makindu aliwasalimu watu wa mji na wao wakamwitikia vizuri, lakini hakuwa amekaa kibarazani kwa mtu.

Alianza na Bi Mbeyu, aliyeuza vitumbua ng'ambo ya barabara.

"Shikamoo, Bi Mbeyu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Nimetumwa niulize. Hili duka letu, mngependa liwe vipi?"

Bi Mbeyu akalitazama pazia. "Mimi ninakaa hapa mwaka wa tatu huu, na sijui mle ndani mna nini."

"Mna kanda, mama. Hata za taarabu zimo."

"Taarabu? Basi mbona hamkusema? Mimi nilidhani ni baa. Mlango wenye pazia jekundu, mwanamke mwenye heshima zake ataingiaje? Akitoka ataulizwa alifuata nini."

Kavata akayaandika maneno hayo kama yalivyosemwa. Akasogea mbele. Ustadhi Alfani wa madrasa alisema kipaza sauti cha duka hakijawahi kuzimwa wakati wa adhana, hata siku moja. Kivuva, mkulima wa huko Shimba Hills aliyeleta machungwa sokoni, alisema ameingia mara mbili kuulizia nyimbo za Kikamba akaambiwa hazipo. "Na ukiuliza bei," akaongeza, "lazima uiname kwenye hako kadirisha kama mtu anaomba dawa." Mwero, aliyekuwa mpishi katika hoteli moja ya Diani kabla ya kuachishwa kazi, alisema nyumba zenye umeme ni za kuhesabika, lakini redio ipo kila nyumba, na redio zikiharibika hupelekwa Ukunda. Mama mmoja alitaka benchi, kwa sababu hawezi kununua wimbo ambao hajausikia, na hawezi kuusikiliza akiwa amesimama.

Si wote waliosema ya maana. Mmoja alitaka apewe soda kila akiingia. Mwingine alimwambia Kavata arudi kwao bara. Kavata aliliandika hilo pia, pamoja na tarehe.

Siku tatu baadaye Bi Mbeyu alivuka barabara, akalisogeza pazia kwa ncha za vidole, akaingia. Mkononi alikuwa na kanda iliyofungwa ndani ya leso. Binti yake Yusra alikuwa Maskati, kazi za ndani, na badala ya kuandika barua alikuwa akijirekodi na kumpelekea mama yake kanda. Hii ya mwisho redio ilikuwa imeitafuna kabla upande wa pili haujasikika.

"Unaweza kuifanya chochote?" aliuliza.

Kavata hakujua, na alimwambia hivyo. Akatafuta bisibisi ndogo, akaifungua kanda, akautoa utepe uliokunjamana. Pale ulipokatika aliuunga kwa kipande chembamba cha karatasi ya gundi, halafu akauzungusha pole pole kwa penseli. Kazi ilichukua karibu saa nzima. Alipoiweka kwenye redio ya duka, sauti ya Yusra ilitoka. Ilimsalimu mama, ikaulizia mbuzi, ikaeleza kwamba mkataba umeongezwa mwaka mmoja na kwamba mama asilie. Mahali pa kiungo yaliruka maneno mawili matatu.

Bi Mbeyu alisikiliza amesimama, ameshika ukingo wa kidirisha. Hakulia. Ilipokwisha akauliza kama redio hiyo inaweza pia kurekodi.

Jioni hiyo Kavata alilishusha pazia, akalikunja, akaliweka stoo. Siku ya pili yake akaazima benchi kanisani. Kufikia Juni watu walikuwa wakija kurekodi barua za kwenda Maskati, Jeddah, Kitui na Makueni, na Mwero alikuwa na meza karibu na mlango, akitengeneza redio, ufundi aliojifunza ujanani. Muziki ulizimwa kwa adhana. Kavata aliacha kuvaa tai.

Bwana Luqman alikuja Julai, akiwa ameshayasoma madaftari ya Ukunda na Kwale. Katika yote mawili wateja walisema Tamasha ni nzuri sana, na maneno yalikuwa yale yale tangu mwanzo hadi mwisho. Alisimama mlangoni mwa duka la Msambweni kwa muda kabla ya kuingia.

"Pazia langu liko wapi?"

"Liko stoo, Bwana Luqman. Halijaharibika."

Alikaa kwenye benchi akalisoma daftari lote. Alipofika kwenye neno la baa alirudi akalisoma tena.

"Nilikutuma uwaulize wateja," alisema. "Hawa si wateja. Hawa ni wapita njia."

"Ndiyo. Wateja walikuwa watatu, wako ukurasa wa kwanza."

"Na nani alikuruhusu kubadilisha?"

"Hakuna. Nilikosea kutokukuuliza, nisamehe. Lakini walichokisema sikukiongeza wala kukipunguza."

Bwana Luqman alilifunga daftari, akaondoka nalo. Kavata alikaa wiki mbili akingoja barua ya kufukuzwa. Haikuja. Badala yake lilikuja boksi la kanda tupu, na pamoja nazo kanda ishirini za nyimbo za Kikamba.

Si kila ushauri ulifaa. Vijana waliomba filamu zioneshwe dukani Ijumaa jioni, na Kavata akakubali. Kelele zilikuwa nyingi mno hata Ustadhi Alfani na mchungaji wa kanisa wakaja kulalamika wiki ile ile moja, kila mtu kwa wakati wake. Akaacha.

Katika maduka mengine Bwana Luqman aliyaondoa mapazia, ila vile vidirisha alivibakisha, kwa sababu aliviagizia fundi kutoka Mombasa na alivipenda. Duka la Kwale lilifungwa Desemba. La Ukunda liliendelea hadi katikati ya mwaka uliofuata, kisha akaligeuza kuwa la vipuri vya magari. La Msambweni hakuligusa. Alipoulizwa na watu sababu, alisema ni la Kavata kuliko lake, na hakusema kwa furaha wala kwa chuki.

Agosti 1999 Kavata, akiwa na watoto wake, alimtembelea dada yake Makindu. Dada yake alimshauri asirudi pwani, kwa kuwa Makindu nako kulikuwa na maduka yanayotafuta wauzaji. Kavata alifikiri siku mbili. Jumatatu asubuhi alipanda basi la Mombasa, kwa sababu Jumatano watu saba walikuwa wameandikwa kuja kurekodi.