Asparaga na Vyombo vya Watu

Walisema sitaweza kukaanga hata yai. Siku nilipoaga kwenda Ujerumani kusomea upishi, bibi wa nyumba ya kona, ambaye kichochoro chetu kizima cha Mji Mkongwe kilimwita Bi Mkubwa, alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mwanamme huyu? Wali wa mama yake unaungua naye kakaa pembeni yake! Watamrudisha na ndege ile ile."

Waliokuwepo barazani wakacheka naye. Mjomba wangu akaongeza kuwa baridi itanishinda hata kabla ya jiko.

Baridi haikunishinda, wala jiko. Nilianza kwa kuosha masufuria, nikapanda hadi kumenya mboga, na nilipoondoka huko nilikuwa na diploma ambayo sasa imetundikwa ukutani kwa mama, juu ya saa. Leo mimi ni mpishi mkuu wa hoteli moja Uroa. Hakuna aliyenishika mkono. Nayasema haya bila kuona haya, kwa sababu nimeyatolea jasho.

Mboga iliyonipa jina huko ni asparaga. Ni machipukizi marefu membamba, ya kijani au meupe, na wenyewe huyangoja msimu wake kwa hamu kama ya harusi. Nyeupe lazima uimenye, kuanzia chini ya kichwa kushuka. Ya kijani haina haja. Unashika shina kwa mikono miwili unalikunja, nalo hukatika lenyewe pale ugumu unapoanzia. Maganda na vikonyo huvitupi, unavichemsha upate supu. Kisha maji ya moto yenye chumvi, muda mfupi tu, na hapo hapo maji ya barafu ili rangi isife. Siagi, ndimu, basi. Mwalimu wangu alikuwa akiwaita wenzangu waje watazame mkono wangu unavyokwenda.

Basi niliporudi nilitaka walionicheka waionje. Hoteli huletewa asparaga kutoka bara, nikanunua fungu kubwa kwa mletaji, nikaalika jirani zetu chakula cha mchana baada ya sala ya Ijumaa. Mama alikuwa Chwaka akimuuguza dada yake, nyumba ikawa mikononi mwangu. Vyombo havikutosha, nikaazima. Sufuria kwa jirani wa juu, sahani na mabakuli kwa jirani wa mbele, na kwa Bi Mkubwa sinia lake la shaba, alilokuja nalo siku ya harusi yake.

Walikuja wote. Nikazipanga asparaga juu ya sinia, vichwa vyote upande mmoja, siagi ikimeremeta. Bi Mkubwa akachukua moja, akaigeuzageuza.

"Mwanangu, hii tunakula au tunapigia mswaki?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Akaiuma, ikalia kama kijiti kinachovunjwa.

"Bado mbichi."

"Si mbichi, Bi Mkubwa. Ndivyo inavyoliwa."

"Meno ya kulia hivyo sina. Itie kwenye tui, na manjano kidogo, ilainike. Ntaimaliza yote mie."

"Tui litaiua. Haipikwi hivyo."

"Haya, mwalimu," akasema, akairudisha alipoitoa.

Wakala wali na kuku niliowapikia pia, wakaniombea dua, wakaenda zao. Asparaga zikarudi jikoni zilivyotoka. Nikavisugua vyombo vya watu kama nilivyofundishwa, hata ile shaba ikanionesha uso wangu, na kabla ya alasiri nilikuwa nshavifikisha kwa wenyewe.

Mama aliporudi kutoka Chwaka, hata buibui hajalivua, akauliza, "Vyombo vya watu?"

"Nimerudisha vyote. Vinang'aa kuliko nilivyovichukua."

"Umetia nini ndani?"

"Ndani? Hamna kitu."

Mama akakaa kitako. "Umewarudishia vitupu? Wote?"

Nilikokuwa, ukirudisha chombo safi umemaliza. Kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu. Ukikosa chakula utatia ndimu mbili, au konzi ya sukari. Kitupu kinasema basi, tusipelekeane tena. Nililijua hilo tangu utotoni na likaniponyoka. Nikamwambia mama kwamba siku hizi watu hawayajali mambo hayo.

Ramadhani ikanijibu. Bi Mkubwa hakuifikia. Alifariki mwezi wa Shaaban, mimi niko Uroa, nikawahi mazishi tu. Na kila Ramadhani, kabla ya Magharibi, sahani zilizofunikwa kwa kawa huvuka kichochoro kutoka mlango hadi mlango, tambi huku, muhogo wa nazi kule. Mwaka ule zilipita mbele ya mlango wetu, hata moja haikuingia. Nilimpikia mama futari mwenyewe, na sidhani kama mjini palikuwa na futari bora kuliko ile. Akawa anadonoa.

"Hukipendi, mama?"

"Kizuri. Nnasikiliza mlango tu."

Kesho yake nikamwambia nitawapelekea jirani chakula katika vyombo vyangu vipya vilivyotoka Ulaya.

"Vyako watavipokea. Lakini ulivyorudisha vitupu ni vyao. Kaazime tena vile vile."

"Niazime, na kabati limejaa?"

"Kaazime."

Nikaenda nyumba zote tatu. Jirani wa juu akanitazama tangu kichwani hadi miguuni. "Kulikoni? Vya Ulaya vimevunjika?"

"Vipo. Nnataka sufuria lenu."

Akalileta, akalishikilia kidogo kabla ya kuniachia. "Sie tulidhani vyakula vyetu hamvitaki tena. Umeshazoea vizuri."

Kwenye nyumba ya kona binti wa marehemu Bi Mkubwa akalivuta sinia kutoka uvunguni. Hakuwa na kinyongo. "Mama alikuwa akiuliza mpaka siku zake za mwisho," akasema huku akicheka. "Yule fundi wa miswaki, lini atatupikia kinacholika?"

Nikalipokea sinia, nikaenda nalo jikoni.

Nikanunua asparaga tena kwa mletaji, nikazikata vipande vifupi, nikazichemsha mpaka zikalegea, nikatia tui zito, manjano, thomu na pilipili mbichi, ndimu mwisho. Rangi ilikufa, kama nilivyojua. Nilikuwa nimefunga, kwa hiyo sikuonja. Nilipika kwa harufu, kama mama na Bi Mkubwa walivyopika Ramadhani zote za maisha yao. Hilo silo lililoandikwa kwenye diploma.

Nikavirudisha vyombo kimoja kimoja, vimejaa, vimefunikwa. Sinia la shaba nikaliacha mwisho. Binti alilipokea kwa mikono miwili, akafunua kawa, akabonyeza kipande kwa kijiko.

"Imelainika," akasema.

Nilikuwa nimemlipa kila aliyeniazima, na mmoja nimemlipia mikononi mwa mwanawe. Adhana ilipolia nikafungua na mama kwa tende, kisha nikaonja iliyobaki chunguni. Ilikuwa tamu. Tui halikuiua. Mwenye kunielekeza alikuwa amekaa mbele yangu ile Ijumaa, naye hakuomba zaidi ya kupikiwa upya.

Mlango ukabishwa. Mama akaniwekea mkono begani nisiinuke, akaenda kufungua mwenyewe.