Mama Mukwe na Kitanda ya Miguu Juu

Masomo yangu iliishia katikati ya segondere: algebra ilinikataa, na miye nikaikataa. Kwa hiyo siku mutoto wa dada yangu, ule anasoma medsini, udaktari, hapa Bunia, aliniomba nibasaidie, yeye na benzake babili, kusoma mwili wa batu benye banaelea kule juu angani, nilikubali mbele amalize kusema.

Kumbe kazi ilikuwa kulala.

Profesere wao alibachanganya makusudi, bazoee kufanya kazi pamoja: mumoja wa medsini, mumoja wa kilimo, mumoja wa mashini. Ukilala kichwa chini kidogo, miguu juu, damu inapanda kichwani sawa ya mutu mwenye kuelea. Wa mashini akaweka matofali chini ya kitanda yangu, kwangu mu mutaa wa Bigo. Wa kilimo alipima chakula na maji, mupwa wangu alipima tansio, ile nguvu ya damu. Nisiamuke mpaka jioni. Nikiamuka, vipimo yote inakufa, na profesere anabatoa mu mafunzo.

Nilijivuna. Uvivu wangu ilikuwa imepata kazi.

Lakini Bigo, mutu akilala muchana, iko mugonjwa. Saa sita mama mukwe wangu akafika na sahani ya ndizi na sura ya matanga. Na kwetu, mbele ya mama mukwe mutu halali. Nilisikia tu sauti yake inje, magoti ikaanza kuamuka yenyewe.

"Mujomba, lala, tafazali," mupwa akasema.

"Unataka nilaaniwe?"

"Tansio inapanda," wa kilimo akasema, akisoma kipimo ya mupwa.

"Haiko kitanda," nikajibu. "Iko ule mama."

Mupwa akapiga magoti ku mulango, akamueleza yote.

"Kwa hiyo haiko mugonjwa?" mama mukwe akauliza.

"Hapana, bibi. Analala tu."

"Hiyo ninaijua tangu alioa mutoto wangu."

Akavuta kiti, akakaa pale mulangoni, mugongo kwetu, macho ku njia. Hajaniona, basi sijamukosea. Akanisalimia akiangalia barabara, nikamujibu nikiangalia mabati. Majirani bakakuja na masahani yao, akabarudisha bote: "Muache batoto basome." Alikaa vile mpaka jua ikashuka.

Kesho yake, mupwa aliniambia, profesere aliangalia vipimo, akaweka kidole pa saa sita.

"Hapa mugonjwa wenu alipatwa na nini?"

Baliangaliana. Mupwa akajibu: "Mama mukwe wake alifika."

Profesere naye ameoa. Akatikisa kichwa polepole. "Muandike ivyo ivyo," akasema, na akabauliza nani atalala juma ijayo.